Kukatishwa tamaa na chama tawala: maana ya dhana hii kupitia miaka mitatu ya Narc nchini Kenya

Tunaposema kwamba wananchi wamekatishwa tamaa na chama tawala, tunamaanisha kwamba watu waliokiamini chama hicho pamoja na kiongozi wake wameacha kukiamini, kwa sababu ya yale waliyoyaona kikiwa madarakani. Uzito wa maelezo haya uko katika maneno "waliokiamini". Mtu ambaye hakukipigia kura, ambaye tangu mwanzo alikiona kuwa ni chama cha walaji, hana tamaa iliyokatwa. Yeye ni mpinzani, na kila kosa la serikali humthibitishia alichokuwa akikijua. Anayekatishwa tamaa ni yule aliyepanga foleni tangu alfajiri, akapiga kura kwa moyo mweupe, akarudi nyumbani akiwaambia wanawe kwamba sasa mambo yatakuwa sawa.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia kuielewa hali hii. Mtu anaweza kukata tamaa peke yake, kwa ugonjwa au kwa uzee, bila kuwa na wa kumlaumu. Lakini anayesema "nimekatishwa tamaa" anamaanisha kwamba yupo aliyeikata, hata kama hamtaji. Kuna pia neno kuzinduka, tunalolitumia kwa mtu aliyekuwa amezimia au amepumbazwa kisha akarudiwa na fahamu zake. Dhana yetu imebeba maana zote mbili: kuna jeraha lililotoka kwa mwingine, na kuna macho yaliyofumbuka. Ndiyo sababu uchungu wake haufanani na uchungu wa kushindwa katika uchaguzi. Aliyeshindwa humkasirikia aliyemshinda. Aliyekatishwa tamaa humkasirikia aliyemchagua kwa mkono wake mwenyewe, na kwa kiasi fulani hujikasirikia pia.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua katika eneo letu ni ule wa Kenya chini ya muungano wa vyama ulioitwa Narc, kati ya Desemba 2002 na Novemba 2005. Sichagui kipindi cha mwisho cha KANU, chama kilichotawala kabla ya Narc, ingawa wengi wangekitaja kwanza. Daniel arap Moi, rais wa KANU, aliingia madarakani mwaka 1978 akiwa na nia njema ya watu wengi. Aliwaachilia wafungwa wa kisiasa mwezi Desemba mwaka huohuo, na watoto wa shule wa wakati ule bado wanayakumbuka maziwa ya Nyayo, yaliyogawiwa bure shuleni. Lakini imani ile ilikuwa imekwisha kitambo. Katika chaguzi za mwaka 1992 na 1997 Moi alirudi Ikulu akiwa na takriban asilimia 36 na 40 za kura, kwa sababu upinzani uligawana kura zilizobaki. Kufikia mwaka 2002 wananchi walio wengi walikuwa wameichoka KANU, na kuchoka ni jambo jingine. Aliyechoka hana tena matarajio ya kuvunjwa.

Matarajio yalikuwa upande wa pili. Muungano wa Narc, uliovikusanya vyama vya upinzani pamoja na waliojitoa KANU wakiongozwa na Raila Odinga, ulimsimamisha Mwai Kibaki, na tarehe 27 Desemba 2002 Kibaki alishinda kwa takriban asilimia 62 ya kura dhidi ya asilimia 31 za Uhuru Kenyatta wa KANU. Siku tatu baadaye, tarehe 30 Desemba, bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi ilifurika watu wa rika zote. Kibaki aliapishwa akiwa katika kiti cha magurudumu, mguu ukiwa ndani ya plasta na shingo ikishikiliwa na kola, kwa sababu alikuwa amepata ajali ya gari mwanzoni mwa mwezi huo. Moi, aliyekuja kukabidhi madaraka baada ya miaka 24, alizomewa na kurushiwa madonge ya matope. Rais mpya aliwaambia wananchi kwamba ufisadi hautakuwa tena sehemu ya maisha ya Kenya, na kwamba zama za kila mtu kujifanyia apendavyo zimekwisha.

Wananchi waliyachukua maneno hayo jinsi yalivyo. Katika majuma ya kwanza ya mwaka 2003 abiria wa matatu waliwakabili askari wa trafiki waliozoea kupokea "kitu kidogo", wakawalazimisha kurudisha fedha, na mahali pengine waliwashika wenyewe na kuwapeleka kituoni. Naomba msomaji alitazame tendo hilo kwa karibu, kwa kuwa linaeleza ukubwa wa imani kuliko takwimu yoyote. Abiria anayemkamata askari mwenye sare na bunduki ni mtu anayeamini kwamba serikali iko nyuma yake. Uchunguzi wa maoni wa kimataifa uliofanywa wakati ule uliwaweka Wakenya miongoni mwa watu wenye matumaini makubwa kabisa duniani, na hakuna aliyeishi Nairobi mwezi huo ambaye angeshangaa.

Imani ya kiwango hicho huzaa deni la kiwango hichohicho, kwa maana ahadi ni deni, na Narc ilikuwa imeahidi mengi yanayohesabika: katiba mpya ndani ya siku 100, ajira 500,000 kila mwaka, elimu ya msingi bila malipo. Kulikuwa na ahadi nyingine isiyoandikwa katika ilani, nayo ni kwamba hawa hawatakuwa kama wale. Nadhani hii ya mwisho ndiyo iliyokuwa na uzito kuliko zote. Mpiga kura anaweza kusamehe ajira zilizochelewa, kwa sababu anajua kazi hazichumwi mtini. Hasamehi kwa wepesi kuona mwenendo uleule aliouondoa kwa kura yake ukirudi na sura mpya.

Na ulirudi mapema. Wabunge wa bunge jipya walijiongezea mishahara na marupurupu mwaka 2003, wakati walimu na wauguzi wakiambiwa wasubiri. Siku 100 zilipita bila katiba. Mkataba wa maelewano uliofungwa kabla ya uchaguzi, ambao kundi la Raila lilisema uliahidi mgawanyo sawa wa nyadhifa pamoja na cheo cha waziri mkuu, uliwekwa kando. Katikati ya mwaka 2004 Rais aliunda kile kilichoitwa serikali ya umoja wa kitaifa, akawaingiza katika baraza la mawaziri watu wa KANU na Simeon Nyachae, ambaye alikuwa ameshindana naye katika kuwania urais. Kwa hesabu za bungeni hatua hiyo ilieleweka, maana upande wa Rais ulihitaji kura za kuziba pengo la washirika walioasi. Kwa mpiga kura wa kawaida ilimaanisha kwamba baadhi ya aliowatoa kwa mlango wa mbele wamerudishwa kwa mlango wa nyuma.

Kisha ikaja kashfa ya Anglo Leasing, iliyofichuliwa bungeni mwaka 2004. Serikali ilikuwa imetia saini mkataba wa mamilioni ya yuro wa mfumo wa kutengeneza pasipoti, na kampuni iliyopewa kazi ikaonekana kuwa kampuni hewa. Fedha zilipoanza kurudishwa kimyakimya baada ya kelele kupigwa, bila yeyote kusema wazi nani anazirudisha, watu walizidi kuona jambo lenyewe. John Githongo, ambaye Kibaki mwenyewe alikuwa amemteua mapema mwaka 2003 kuwa katibu wa kudumu wa masuala ya utawala bora na maadili, alijiuzulu mwezi Februari 2005 akiwa Uingereza, na hakurudi nyumbani kwa miaka kadhaa. Askari wa trafiki wakati huo walikuwa wamekwisha kurudi katika desturi yao ya zamani, na abiria walikuwa wamekwisha kurudi katika ukimya wao. Mabadiliko hayo ya barabarani hayakuhitaji tangazo. Siku moja kondakta anakunja noti na kuipitisha dirishani, na hakuna anayesema neno.

Hapa ndipo ilipo sehemu ya dhana hii inayokosewa mara nyingi. Watu hudhani kwamba wananchi hukatishwa tamaa na chama tawala kwa sababu ya njaa, na kwamba uchumi ukipanda imani itarudi yenyewe. Njaa ina nguvu yake, na Zambia ni shahidi: bei ya unga wa mahindi ilipopandishwa Desemba 1986 na tena Juni 1990, ghasia zilizuka na watu wakauawa, na Kenneth Kaunda, baba wa taifa aliyeongoza tangu uhuru wa mwaka 1964, alishindwa Oktoba 1991 kwa takriban robo tu ya kura. Lakini Kenya ya Narc haikuanguka kwa njia hiyo. Uchumi uliokuwa ukikua kwa chini ya asilimia moja mwaka 2002 ulikuwa umepanda hadi karibu asilimia 6 mwaka 2005. Elimu ya msingi bila malipo ilianza Januari 2003 kama ilivyoahidiwa, na zaidi ya watoto milioni moja waliokuwa nje ya shule waliingia madarasani. Serikali ile ilifanya mengi ambayo KANU haikuyafanya kwa miaka mingi, na bado mioyo ya watu wengi ilivunjika, kwa sababu walikuwa wakiipima kwa neno lake lenyewe. Kipimo hicho ni kikali kuliko kipimo cha aliyetangulia.

Jambo jingine ni uhusiano kati ya kiongozi na chama chake. Imani haitoki kwa wote wawili siku moja. Kwa muda mrefu baada ya kuanza kuilaumu serikali, wengi bado walisema kwamba mzee ni mtu mzuri ila waliomzunguka ndio wabaya, na mitaani kukawa na jina la kuwataja hao waliomzunguka: mafia wa Mlima Kenya. Ugonjwa uliofuata ajali na mtindo wake wa kukaa kimya vilimlinda Kibaki kwa kiasi, kwa kuwa asiyeonekana ni vigumu kumtwika lawama. Kauli hii ya "mzee ni mzuri" inasikika katika nchi nyingi, na mimi huichukulia kuwa ni hatua ya katikati: mwananchi anajaribu kuokoa sehemu ya imani yake kwa kumtenga kiongozi na makosa ya serikali yake. Hatua hiyo huisha pale kiongozi anapojitokeza mwenyewe kuyatetea.

Kwa Kibaki ilikwisha katika kura ya maoni ya katiba. Rasimu iliyotokana na mkutano wa kitaifa wa katiba uliofanyika Bomas, Nairobi, ilikuwa imefanyiwa marekebisho ambayo wengi waliyaona kuwa yanambakishia Rais madaraka aliyotakiwa kuyapunguza. Alama ya waliounga mkono ilikuwa ndizi, na ya waliopinga ilikuwa chungwa, ili hata asiyejua kusoma apige kura bila msaada. Rais aliipigia ndizi kampeni yeye mwenyewe. Mawaziri wake kadhaa walizunguka nchi wakiipigia chungwa. Tarehe 21 Novemba 2005 chungwa lilishinda kwa takriban asilimia 58, na siku mbili baadaye Kibaki alilivunja baraza lote la mawaziri. Wako waliopiga kura ile baada ya kusoma vifungu vya rasimu, nami nawaheshimu. Lakini kwa sehemu kubwa ya nchi swali lililokuwa likijibiwa ni kama watu wa Desemba 2002 bado wanaaminika.

Si kila mtu alilijibu kwa namna moja. Katika eneo la Kati, nyumbani kwa Rais, ndizi ilipata kura nyingi mno, na huko wengi hawakuona kwamba wamesalitiwa. Hili ni la kuzingatiwa, kwa sababu katika nchi ambamo vyama hufuata ramani ya makabila, kukatishwa tamaa hugeuka upesi kutoka lawama dhidi ya chama na kuwa lawama dhidi ya majirani wanaodhaniwa kufaidika nacho. "Ni zamu yao ya kula" ni sentensi inayoanza na serikali na kuishia kwa mwenye duka aliye ng'ambo ya barabara.

Imani iliyovunjika huenda wapi? Nchini Kenya ilihamia kwa chama kipya kilichochukua jina na alama kutoka katika chungwa, yaani ODM, huku Kibaki akigombea tena mwaka 2007 kwa chama kingine kabisa, PNU. Nchini Afrika Kusini njia kuu imekuwa kubaki nyumbani. ANC, chama kilichoongoza nchi hiyo tangu mwaka 1994, ilipata karibu asilimia 70 ya kura mwaka 2004 na takriban asilimia 40 mwaka 2024, na katika miaka hiyo ishirini waliojitokeza kupiga kura, kati ya waliojiandikisha, walipungua kutoka zaidi ya robo tatu hadi chini ya asilimia 60. Ni kweli pia kwamba chama kipya cha Jacob Zuma, rais wa zamani aliyetoka ANC, kiliichukulia ANC kura nyingi katika jimbo la KwaZulu-Natal. Lakini aliyekipenda chama tangu utoto wake mara nyingi hawezi kumpigia mwingine kura, kwa hiyo haendi kituoni, na matokeo yanayotangazwa hayamwonyeshi.

Mwezi Januari 2004 mzee Kimani Maruge, aliyekuwa na umri wa miaka 84, aliandikishwa darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiyo, Eldoret, kwa sababu Narc ilikuwa imesema elimu ni bure na yeye akaamua kuliamini neno hilo. Alivaa kaptura na soksi ndefu kama wanafunzi wenzake, akajifunza kusoma na kuhesabu. Ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zikaua watu zaidi ya 1,100 na kuwahamisha mamia ya maelfu, Eldoret ikiwa miongoni mwa miji iliyoungua, Maruge alipoteza mali yake na kuishia katika kambi ya waliohamishwa. Kutoka katika hema aliendelea kwenda shule.