"Akubali tu kwamba amekufa": tunavyowakosea waliopotelewa na wapendwa wao

Wamemleta tena mama kwangu, hapa Malindi, wamemshika mikono kama mgonjwa. Mwanawe alitoka na mashua miezi minane iliyopita. Hakurudi yeye wala chombo. Kila alasiri mama huteremka ufuoni kuuliza wavuvi. Wadogo zake wananiambia, "Dada, mwambie akubali. Akili zishaanza kumtoka."

Hazijamtoka! Neno hili nimelisikia mara nyingi mno katika kazi hii ya unasihi, na kila mara linanichoma. Aliyefiwa hupewa maiti ya kuosha na kaburi la kuzuru. Watu humjazia ua, khitma husomwa, mjane hukaa eda na siku zake huhesabika. Aliyepotelewa hapewi hata kimoja. Akilia ataambiwa anamchuria mwanawe, akitumaini ataambiwa kachanganyikiwa. Afanye lipi?

Pauline Boss, mtaalamu wa familia kutoka Marekani, alianza kuichunguza hali hii miaka ya 1970 kwa familia za marubani waliopotea vitani Vietnam. Alichosisitiza ni kwamba ugonjwa uko katika hali yenyewe, si katika kichwa cha mtu. Ndiyo maana simlazimishi mama achague. Anaweza kusema, "Huenda amekufa, na huenda akarudi," akaendelea kupika, kuswali na kulea wajukuu huku amebeba yote mawili. Na jamaa waliokuja hapa Malindi mwaka 2023 baada ya maiti za wafuasi wa dhehebu kufukuliwa msitu wa Shakahola, wakatoa sampuli za DNA na kungoja hadi miili ya kwanza ikakabidhiwa Machi 2024, nao tuwaite wendawazimu?

Ninaloliogopa ni jingine: asipokula, asipolala, akiwasahau watoto waliobaki, akianza kusema heri afe. Hapo mleteni upesi. Lakini hata hapo tunatibu usingizi na huzuni. Kumtafuta mwanawe hatumnyang'anyi. Mimi huwapa watu daftari moja na siku maalumu za kutafuta. Kila uvumi uandikwe humo: nani kasema, lini, wapi. Daftari hilo limewatuliza wengi kuliko mawaidha yangu.

Vijana nao huniambia jibu lolote ni bora kuliko kutojua, na mmoja alinitolea ushahidi wa filamu: Spoorloos ya mwaka 1988, ya George Sluizer. Mpenzi wa Rex anapotea kwenye kituo cha mafuta Ufaransa. Miaka mitatu Rex anamtafuta, mpaka mtekaji mwenyewe anamjia na kumwambia kwamba ili ajue, apitie aliyoyapitia yule binti. Rex anakunywa kahawa yenye dawa ya usingizi. Anazinduka amezikwa hai. Sasa hapo jibu limemfaa nini? Kiu hiyohiyo ndiyo wanayoivizia matapeli wa simu: "Nimemwona Mombasa, tuma elfu tano nikupeleke." Usitume hata shilingi. Namba ile ipeleke polisi.

Kungoja saa 24 kabla ya kuripoti? Hakuna sheria hiyo Kenya. Nenda kituoni saa hiyohiyo na picha ya karibuni, eleza nguo alizovaa, na usitoke bila namba ya OB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha matukio cha polisi. Kama ni baharini, waamshe wavuvi wenzake na kikosi cha walinzi wa pwani kabla upepo haujabadilika.

Na ile miaka saba ya Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 118A, kwamba asiyesikika kwa muda huo huchukuliwa amekufa, ni dhana ya mahakama, nayo hutenguka mtu akionekana hai. Kwa ndoa na mirathi ya Waislamu, muulizeni Kadhi. Dhana hiyo haimpi shemeji ruhusa ya kugawa nguo za aliyepotea mwezi wa tisa tu tangu apotee.

Mama tumekubaliana ateremke ufuoni Jumatatu na Alhamisi. Mdogo wake mmoja ataandamana naye, na ndiye atakayeshika daftari.