Kupambana na umaskini kwa misingi ya haki: maana yake, na nafasi ya wanawake

Mtu asiye na chakula wala matibabu anaweza kuonwa kuwa mhitaji, akasubiri huruma ya mwenye nacho. Anaweza pia kutambuliwa kuwa na haki ambayo amenyimwa, na hapo lazima awepo wa kuwajibika. Mtazamo huo wa pili ndio kupambana na umaskini kwa misingi ya haki za binadamu.

Ibara ya 25 ya Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 inamtambulia kila mtu haki ya maisha yanayotosha kwa afya na ustawi wake: chakula, mavazi, makazi, matibabu. Mwaka 1966 ukapitishwa Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni, unaozibana kisheria nchi zilizouridhia. Mkataba huo unakubali kwamba mengi yatatimizwa hatua kwa hatua, kadiri rasilimali zinavyoruhusu. Ubaguzi, hata hivyo, haukuwekwa kwenye foleni hiyo. Huo unatakiwa ukome mara moja, na kwangu mimi hiki ndicho kipengele chenye nguvu kuliko vyote, kwa sababu kinagusa moja kwa moja umaskini wa wanawake.

Umaskini huo mara nyingi umetengenezwa na sheria na desturi. Mwanamke analima ardhi isiyo na jina lake. Kwa kukosa hati anakosa dhamana ya mkopo. Mume akifa, ndugu wa marehemu wanagawana shamba naye anaambiwa arudi kwao. Juu ya hayo kuna kupika, kuchota maji na kuuguza wagonjwa, kazi zinazokula siku nzima bila malipo. Mpe mbegu bora, na mavuno yataongezeka kweli, lakini atakayeuza na kupanga matumizi ya fedha ni mtu mwingine. Ndiyo maana Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake, wa mwaka 1979, unataja waziwazi haki yake ya kuingia mikataba na kusimamia mali, usawa ndani ya ndoa, na hali ya wanawake wa vijijini.

Kwa hiyo kumwezesha mwanamke si kumpa mtaji tu. Mchumi Naila Kabeer anataja mambo matatu yanayokwenda pamoja: rasilimali, uwezo wa kujiamulia, na matokeo anayoyafikia. La katikati ndilo linalosahaulika zaidi. Mkopo ulioandikwa kwa jina la mke huku mume akiutumia humwachia mke deni, basi.

India ina mfano wa kufaa. Mabadiliko ya katiba yaliyoanza kutumika mwaka 1993 yalitenga theluthi moja ya viti vya mabaraza ya vijiji, pamoja na nafasi za uenyekiti, kwa wanawake. Watafiti walipochunguza mabaraza ya West Bengal walikuta yale yanayoongozwa na wanawake yakiwekeza zaidi kwenye maji ya kunywa, jambo ambalo wanawake wa huko walikuwa wakililalamikia kuliko wanaume. Viti hivyo vimo ndani ya katiba, havitegemei mfadhili wala muda wa mradi, na mwanamke anayenyimwa nafasi yake anaweza kwenda mahakamani kuidai.