Kuchakaa si kuchuja

Wiki iliyopita nilikuwa gereji, nimekalia tairi bovu, nasubiri altaneta ya gari langu, kile kifaa kinachochaji betri. Mteja mwenzangu akaanza kumfundisha fundi: "Hawa wenye viwanda wanafanya kusudi. Huo unaitwa uchakavu wa kupanga. Waanzilishi ni Wamarekani, yale magari yao ya miaka ya 50 yalitengenezwa yafe mapema." Fundi hakujibu. Alikuwa ameshaifungua altaneta, akanipa kaboni mbili zilizolika zikabaki kama punje za mahindi. Gari lenyewe lina miaka 19.

Nilinyamaza, lakini ni mara ya nne au ya tano mwaka huu nayasikia maneno hayohayo.

Dhana ni hii: muuzaji anaufupisha kwa makusudi muda ambao mnunuzi ataridhika na kitu alichonacho, ili arudi dukani mapema. Basi. Ila liangalie vizuri hilo neno "ataridhika". Sikuandika "kitadumu".

Kosa naona lilianzia kwenye tafsiri. Neno ambalo Waingereza wanalitumia, obsolescence (kwa ukamilifu planned obsolescence), limetoka kwenye Kilatini, obsolescere, yaani kuacha kutumika, kutoka kwenye mazoea ya watu. Kuvunjika hakumo. Sisi tukaliita uchakavu, na uchakavu kwa Kiswahili ni kandambili iliyolika kisigino, ni shati lililotoboka kiwiko. Ukishasema uchakavu, msikilizaji lazima afikirie kutu na nyufa. Wakati huohuo tunalo neno letu la siku zote: kuchuja. Kitenge kilichochuja bado kinasitiri mwili. Msanii aliyechuja sauti anayo, ila hakuna anayemwita jukwaani. Mchujo wa kupanga, hapo ningeelewa.

Historia ya jina inachekesha kidogo. Mwaka 1932, Marekani ikiwa kwenye mdororo mkuu wa uchumi, dalali mmoja wa majengo wa New York aitwaye Bernard London alichapisha kijitabu kilichobeba jina hilo la Kiingereza. Alitaka serikali iipangie kila bidhaa umri wa kuishi. Umri ukiisha, kitu kihesabiwe kimekufa kisheria, kirudishwe na kuharibiwa hata kama bado kizima, watu wanunue kingine na viwanda vipate kuajiri. Hakuomba vitu vitengenezwe vibovu. Alitaka vizima viuawe kwa sheria, na serikali haikumsikiliza. Mwaka 1954 Brooks Stevens, mbunifu wa bidhaa kutoka Milwaukee, akalitumia jina hilo kwenye hotuba mbele ya watu wa matangazo na kulipa maana nyingine: kumtia mnunuzi hamu ya kitu kipya kidogo zaidi, kizuri kidogo zaidi, mapema kidogo kuliko inavyolazimu. Neno la kushika hapo ni hamu.

Detroit, mji wa viwanda vya magari vya Marekani, ilikuwa imeshaanza kazi hiyo kabla haijapewa jina. Henry Ford aliuza Model T kuanzia 1908 hadi 1927, takriban magari milioni 15, na sura haikubadilika sana. Kwa bei, hakuna aliyemweza. Alfred Sloan, mkuu wa kampuni shindani ya General Motors, akapita mlango mwingine: toleo jipya kila mwaka. Mwaka 1927 akamchukua Harley Earl, kijana wa Los Angeles aliyekuwa akiwaundia bodi za magari nyota wa sinema, akampa idara nzima ya kufinyanga sura za magari kwa udongo kabla hazijafika kwenye bati.

Sasa weka pamoja Chevrolet tatu, magari ya General Motors hiyohiyo: ya 1955, ya 1956 na ya 1957. Ya kwanza ina grili (wavu wa mbele) ndogo ya vyumba vya mraba. Ya pili grili imetanuka hadi kwenye taa. Ya tatu imeota mapezi nyuma kama ya samaki, na mdomo wa tangi umefichwa nyuma ya urembo wa kromu kwenye pezi la kushoto, mgeni wa pampu anaweza kulizunguka gari zima akiutafuta. Ukivua urembo huo, bodi ya msingi ni moja. Injini ya V8 iliyoingia mwaka 1955 iliongezwa ukubwa tu, na ukoo wake uliendelea kutengenezwa kwa zaidi ya miaka 40. Anayetaka gari life mapema hawekezi kwenye injini ya namna hiyo.

Mapezi nayo: Cadillac ya 1948, nayo ya General Motors, ilikuwa na vinundu tu, wazo likiwa limetoka kwenye ndege ya kivita ya P-38. Washindani wao Chrysler wakayarefusha mwaka 1957, Cadillac ya 1959 ikafika kileleni, kila pezi na taa mbili nyekundu kama risasi. Baada ya hapo yakashushwa mwaka hadi mwaka mpaka yakaisha. Mwenye gari la 1956 hakuwa na tatizo lolote mwaka 1959, isipokuwa jirani aliliona tokea ng'ambo ya barabara na kujua ni la lini. Sisi Bongo hatuhitaji mapezi, tunasoma herufi inayofuata tarakimu kwenye namba ya gari: A na B ni za zamani.

Sikatai kwamba ubovu wa kupanga upo. Watengenezaji wa balbu walikubaliana Geneva, miaka ya 1920, balbu isizidi saa 1,000, na huo ulikuwa ujanja mtupu. Magari ya Chrysler ya 1957 pia yalipata sifa mbaya ya kutu na kuvuja maji, ila chanzo kilikuwa haraka ya kuwahi soko. Na wanaoitaja Cuba, ambako magari ya miaka ya 50 bado yanabeba abiria Havana, waongeze kwamba mengi yameshapewa injini za dizeli za kwingine. Kilichobaki cha Detroit ni bati. Lile lililoundwa lichoshe macho ndilo limeishi zaidi, na hili huwa linanichekesha.

Yule jamaa, kabla hajaondoka gereji, alitutolea simu atuonyeshe picha ya gari analotaka kununua. Fundi akamuuliza alilonalo lina shida gani. "Halina shida," akasema, "ila ni namba B." Kaka, neno lako halikuwa baya. Uliliweka kwenye altaneta yangu tu, wakati mahali pake palikuwa kwenye hiyo picha.