Je, wajua kwa nini risasi ya kasi huweza kupasua bastola kuukuu ya polisi?

Fundi wa tairi pale Kilombero, Arusha, akijaza upepo gari dogo huachia geji ikisoma psi 30 na kitu, psi ikiwa kipimo cha presha. Kwa kipimo hichohicho, risasi ya kawaida ya .38 Special inaruhusiwa kufika psi 17,000 baruti inapowaka. Yenye alama ya +P, yaani presha ya ziada, kwenye kitako cha ganda hufika 20,000, na .357 Magnum, iliyotoka mwaka 1935, hufika 35,000.

Kasi yenyewe haivunji kitu. Kinachovunja ni presha inayoizalisha, nayo hufika kileleni kichwa cha risasi kikiwa ndiyo kwanza kinaanza safari. Kwa hiyo mzigo mkubwa haubebwi na mtutu, hubebwa na silinda, lile gurudumu la matundu sita. Ukuta wake ni mwembamba, na kwa nje umechongwa vidimbwi vya kuifunga isizunguke. Kwenye Smith & Wesson nyingi kidimbwi hukaa juu ya tundu lenyewe, na ufa hupenda kuanzia hapo. Ndiyo maana kampuni hiyo inakataza +P kwenye bastola zake za Military & Police zilizotengenezwa kabla ya 1958.

Webley za Waingereza, zilizoning'inia viunoni mwa maofisa wengi wa polisi wa kikoloni, ni balaa zaidi. Hukunjwa katikati kwa bawaba, na hushikwa juu kwa komeo tu. Mk VI ya mwaka 1915 ilikusudiwa risasi ya .455, yenye psi 13,000 hivi. Baadaye nyingi zilisagwa nyuma ya silinda zipokee .45 ACP, yenye psi 21,000. Inaingia bila kulazimishwa, na hapo ndipo watu hudanganyika.

Si kila bastola hupasuka siku hiyohiyo. Nyingi huchoka polepole: fremu hurefuka, silinda huanza kucheza mbele na nyuma, matundu hayakai sawa na mtutu, na mpigaji hurushiwa vipande vya risasi pembeni. Maganda yakianza kung'ang'ania tunduni, au fataki, yaani vile vidude vya kuwashia baruti kwenye kitako cha ganda, zikitoka zimebapa, acha kupiga.

Mwenye bastola ya aina hiyo kihalali, Arusha au Moshi, asome kwanza maandishi yaliyogongwa kwenye mtutu, si kujaribu ipi inaingia. Kisha, matundu yote yakiwa matupu na yamekaguliwa mara mbili, fundi wa silaha apime mwanya kati ya silinda na mtutu kwa fila, ileile ya kupimia plagi za gari. Milimita 0.1 hadi 0.2 ni ya kawaida. Silinda ikisukumwa nyuma na mwanya ukaongezeka waziwazi, hata risasi ya presha ndogo isipigwe mpaka itengenezwe.