Anayeratibiwa ni nani?

Juzi nimelisikia tena neno "kuratibu", kwenye mazungumzo ya uchunguzi wa bahari ya Aktiki: "Tutawaratibu wenyeji watuletee data."

Kuratibu ni kupanga kazi za watu wengi zisigongane wala zisiachane. Basi.

Kinachonikera ni hiyo "-wa-" ya "tutawaratibu", inayofanya watu ndio wapangwe. Neno lina mzizi wa Kiarabu, r-t-b, uleule uliotupa ratiba, utaratibu na taratibu. Waliokulia misikiti ya pwani wanaijua pia ratibu ya baada ya Isha: mmoja anatangulia, wengine wanaitikia, kila mtu anajua pa kuingilia. Kilichopangwa hapo ni kisomo. Wasomaji wamekuja wenyewe. Kitenzi hiki kinataka kazi, safari, vipimo. Ukikipachika watu kinageuka kuwa kutuma.

Alaska waliyaona haya mapema. Mwaka 1977 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliamua kuwazuia Wainupiat, wenyeji wa kaskazini mwa Alaska, kuwinda nyangumi aina ya bowhead, kisha ikawapa mgao mdogo, kwa kuwa hesabu ilionyesha nyangumi hao wamebaki wachache. Wahesabuji walikuwa wakisimama ukingoni mwa barafu, wakihesabu waliopita kwenye maji wazi mbele yao. Wawindaji wa Barrow, mji unaoitwa leo Utqiaġvik, wakabisha: wengine wanapita chini ya barafu, wanaipasua kwa kichwa wakapumua, na wengine wako mbali hamwaoni. Hesabu ikapangwa upya, haidrofoni (maikrofoni za chini ya maji) zikateremshwa majini, na sauti za nyangumi zikaonyesha wawindaji walisema kweli. Makadirio ya 2011 yalikaribia 17,000. Wawindaji ndio waliosema pa kusikiliza. Huo ndio uratibu. Kubeba vifaa vya mgeni ni kibarua.

(Kwa Kiinuktitut, lugha ya Wainuit wa Aktiki ya Kanada, barafu ya bahari ni "siku". Ipo programu ya simu ya Wainuit yenye jina hilo, SIKU, iliyotoka 2019: mwindaji anaingiza hali ya barafu na wanyama aliowaona, na data inabaki mali yake. Mswahili akilisikia jina atadhani kalenda.)

Kwa hiyo, ndugu yangu, sema "tutaratibu vipimo pamoja na wenyeji", kama kweli wao pia wanaamua kipimwe nini. Kama mpango umeshafungwa na wao wanaletewa fomu tu, sema "tutawatuma", halafu uweke malipo yao kwenye bajeti.