Karata ni tano tu: jinsi mkono wa poka unavyopimwa

Malalamiko yanayowafikia waamuzi baada ya karata kufunuliwa yanaongezeka, na mengi hayahusu udanganyifu. Ni ya mchezaji aliyeamini kwa dhati kuwa ameshinda, akaona dau linasogezwa kwa mwenzake. Maelezo haya ni ya poka ya karata 52 bila jokeri. Ukumbi ukiwa na kanuni zake zilizobandikwa, hizo ndizo zitakazofuatwa.

Ngazi za mikono zimepangwa kwa uadimu. Pakiti moja hutoa mikono 2,598,960 ya karata tano. Juu kabisa ni streti flashi, yaani tano zinazofuatana za aina moja (kopa, shupaza, uru au pau): ipo 40 tu, ukihesabu na ile minne ya kuanzia 10 hadi ree. Kisha nne za namba ileile (624), fulu hausi, yaani tatu za namba ileile pamoja na jozi (3,744), flashi, yaani tano za aina moja zisizofuatana (5,108), streti, yaani tano zinazofuatana za aina tofauti (10,200), tatu za namba ileile (54,912), jozi mbili (123,552), jozi moja (1,098,240), na mwisho mkono usio na chochote, unaopimwa kwa karata yake kubwa. Anayedai streti ipite flashi atazame hesabu: streti ni karibu mara mbili ya flashi kwa wingi. Kwenye pakiti fupi ya karata 36 uadimu hugeuka, na huko flashi hupita fulu hausi.

Sasa lile linaloleta ugomvi kuliko yote. Mkono ni karata tano, hata kama mbele yako unaziona saba. Chukua mfano wa Texas Hold'em, ambamo kila mchezaji ana karata zake mbili na tano za mezani ni za wote: mezani kuna 9 ya kopa, 9 ya shupaza, 5 ya uru, 5 ya pau na mfalme wa pau. Mchezaji wa kwanza ameshika 4 mbili, wa pili malkia na 10. Wa kwanza hutangaza "jozi tatu" na kunyoosha mkono achukue dau. Hapana. Hakuna jozi tatu katika poka. Tano zake bora ni 9-9-5-5 na mfalme, zote za mezani. Zile 4 hazina kazi. Mwenye malkia na 10 ana tano zilezile, kwa hiyo wanagawana sawa. Akiwepo wa tatu mwenye ree moja tu, anawashinda wote wawili, kwa sababu ree inakaa mahali pa mfalme kama karata ya kando, ile wachezaji waiitayo kika.

Aina ya karata haivunji sare. Shupaza haiipiti kopa, wala kopa haiipiti uru, hata kama michezo mingine ya karata imekuzoesha hivyo. Flashi mbili hulinganishwa karata kubwa kwa kubwa, kisha ya pili, mpaka ya tano. Fulu hausi huangaliwa zile tatu kwanza: 6-6-6-2-2 inaishinda 5-5-5 yenye ree mbili. Ree huanza streti ya chini kabisa, ree-2-3-4-5, ambayo kubwa yake ni 5, au humaliza ya juu. Haikai katikati: malkia-mfalme-ree-2-3 si streti. Na Omaha, poka ambamo kila mchezaji hugawiwa karata nne, hulazimisha karata mbili kamili kutoka mkononi na tatu za mezani, si zaidi wala pungufu.

Kuhusu utaratibu. Kinachohesabika ni karata zilizofunuliwa, si ulichotamka. Ukisema "jozi" kumbe una streti, streti ndiyo itakayosomwa. Kumtangazia mwenzako mkono usio nao kwa makusudi ili atupe karata zake ni kosa. Adhabu huanza na onyo, hupanda hadi kukaa nje mkono mmoja au mizunguko kadhaa, na huweza kufikia kuondolewa mashindanoni. Anayedai dau baada ya kuitwa, yaani mwenzake akishalipa kiasi alichoweka ili karata zionyeshwe, afunue karata zake zote, hata zile asizozitumia, na aziache mezani mpaka mgawaji azisome. Ukizisukuma kifudifudi zikachanganyika na zilizotupwa, mkono wako umekufa, na mwamuzi hana namna ya kuufufua kwa kumbukumbu ya jirani yako. Hili linaumiza watu wengi waliokuwa wameshinda kihalali.

Dau lisipogawanyika sawa, katika Hold'em chipu moja ya ziada humwendea aliye wa kwanza kushoto kwa alama ya mgawaji (kile kidude kinachoonyesha zamu ya kugawa) miongoni mwa wanaogawana. Ukiona usomaji umekosewa, sema "subiri" papo hapo na umwite mwamuzi. Pingamizi hupokelewa kabla mkono unaofuata haujaanza. Karata zikishachanganywa upya, matokeo yanabaki yalivyo.