Ukishamfunga Mnyama, Maji na Kivuli Chake Ni Juu Yako

Halmashauri nyingi za Tanzania Bara zina sheria ndogo zinazokataza mifugo na mbwa kuzurura. Mamlaka ya kuzitunga yanatokana na sheria za serikali za mitaa, Sura ya 287 kwa wilaya na Sura ya 288 kwa miji, na wananchi wanazifahamu kwa sababu zina faini. Mbuzi akikutwa kwenye bustani ya watu, mwenye mbuzi ataitwa kwa mtendaji. Kwa hiyo mfugaji hununua kamba, mwenye mbwa hununua mnyororo, na wengi huamini kwamba hapo wameshatimiza wajibu wao.

Bado. Ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, inayomtambua mnyama kuwa kiumbe chenye hisia na kumtaka anayemfuga amkinge dhidi ya njaa, kiu, maumivu, hofu na mateso yasiyo ya lazima. Mnyama aliye huru akisikia kiu hutafuta dimbwi, jua likimchoma huhamia chini ya mwembe, akivamiwa hukimbia. Ukimfunga, umemwondolea uwezo huo wote kwa mara moja, na sasa ni wewe unayetakiwa kumpatia. Napenda kila mfugaji alielewe hili, maana wanyama wengi wanaoumia kambani hawana wenyewe wakatili. Wana wenyewe waliofunga asubuhi wakaenda kazini.

Mbwa ndiye anayekaa kifungoni muda mrefu kuliko wote. Hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Hupoza mwili kwa kuhema, na kuhema kunamkausha maji haraka. Mchana wa Februari katika Dar es Salaam au Tanga, mbwa aliyefungwa kwenye nguzo ya geti, juu ya sakafu ya zege, huku sufuria yake ya maji imepinduliwa na mnyororo, anaweza kufa kwa joto kabla mwenye nyumba hajarudi. Kivuli cha saa 2 asubuhi huenda saa 8 mchana hakipo. Kabla ya kuchagua mahali pa kumfunga, simama hapo nyakati zote mbili ujionee. Chombo cha maji kiwe kizito au kichimbiwe ardhini kisipinduke.

Shingoni tumia mkanda mpana, wala si waya au mnyororo wenyewe. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na shingo. Mtoto wa mbwa asifungwe kabisa: anakua kila wiki lakini mkanda haukui, na matokeo yake ni mkanda uliozama ndani ya nyama, kidonda kinachonuka na mabuu ya nzi. Jike aliye kwenye joto la kutaka dume pia asifungwe nje, kwa kuwa hawezi kuwakimbia madume.

Kuhusu urefu wa kamba, nakubaliana na kipimo kilichowekwa na sheria ya jimbo la Texas, Marekani, iliyoanza kutumika Januari 2022: isipungue mara 5 ya urefu wa mbwa kuanzia pua hadi shina la mkia, au futi 10, yaani kama mita 3, na kati ya vipimo hivyo kichukuliwe kilicho kirefu zaidi. Sheria hiyo imekataza pia kutumia mnyororo kumfungia mbwa nje. Kwetu, ukiweza, vuta waya imara kati ya miti miwili na kamba ya mbwa iteleze juu yake. Na bora zaidi ni banda lenye mlango, kisha usiku aachiwe ndani ya ua uliofungwa.

Najua hoja inayotolewa mara nyingi: mbwa akifungwa anakuwa mkali, na mkali ndiye anayetakiwa. Ni kweli anakuwa mkali, lakini tujiulize anamng'ata nani. Utafiti uliofanyika Denver, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1994, ulikuta kwamba mbwa waliowahi kung'ata watu walikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu zaidi wa kuwa wanafungwa mnyororo uani. Mwizi huupima mnyororo kwa macho akapita pembeni. Mtoto wa nyumbani anayefuata mpira wake hapimi chochote.

Mnyororo pia si chanjo. Mbwa koko mwenye kichaa akiingia uani, aliyefungwa hana pa kukimbilia. Mchanje kila mwaka, afungwe au asifungwe. Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Mbuzi naye ana shida za kwake, na hizi hazionekani upesi. Anayefungwa kigingi kilekile wiki nzima anakula majani hadi kwenye mizizi, tena katikati ya kinyesi chake. Mayai ya minyoo yaliyomo kwenye kinyesi huanguliwa, na joto na unyevu vikiwepo, baada ya wiki hivi mabuu yanapanda kwenye majani mabichi kusubiri kuliwa. Mfugaji anaona mbuzi amekonda ilhali anashinda malishoni. Funua kope la chini: likiwa jeupe badala ya jekundu, damu imepungua, na mara nyingi mnyonyaji ni minyoo. Hamisha kigingi kila siku, usirudi sehemu ileile mapema, na umtoe baada ya umande kukauka. Fundo la shingoni liwe lisilokaza. Kwenye kigingi weka pete inayozunguka, la sivyo mbuzi atazunguka hadi kamba iishe ajinyonge. Kingo za mitaro na vichaka vya miiba si mahali pa kumfunga. Ukingo wa barabara vilevile: kamba ikikatiza njia jioni, mwendesha bodaboda haioni.

Punda wengi hufungwa miguu ya mbele ili wasiende mbali. Kamba nyembamba hukata ngozi hadi kwenye mshipa, na punda mwenye kidonda hapo hafai kazi. Tumia kitambaa kipana, kwa muda mfupi, na ukague miguu kila jioni.

Sheria ndogo hutofautiana kati ya halmashauri na halmashauri. Nenda ofisi ya kata uulize inayowahusu ninyi. Ni haki yako kuisoma.

Ukiona mnyama wa jirani anateseka kambani, msogezee maji kama ni salama, kisha ongea na mwenyewe kwa utulivu. Asiposikia, mwone mwenyekiti wa mtaa au afisa mifugo wa kata. Usimfungue mnyama huyo wewe mwenyewe, maana anaweza kukung'ata au kugongwa na gari, na lawama zikakuangukia. Piga picha, andika siku, saa na mahali, na ueleze amekaa hapo muda gani bila maji au kivuli. Afisa atakayekuja ataanzia hapo.